Ufunguo wa USB unapogoma: kusakinisha na kutibu programu zenye leseni ya kidude

Ingia kwenye duka la kuchapa mabango Chikongola mjini Mtwara, kwa fundi anayedarizi nembo za sare za shule, au kwenye ofisi ya wapimaji ardhi Lindi mjini. Nyuma ya kompyuta utakuta kidude kidogo cha USB chenye taa. Si flashi, ukikitafuta kwenye orodha ya diski, mara nyingi hukioni. Ndani yake mna chipu ya usalama iliyobeba leseni ya programu. Programu ikifunguliwa huiuliza chipu swali, chipu hujibu kwa siri ambayo haitoki nje yake, na jibu likiwa sahihi kazi inaendelea. Kichomoe, na programu inafunga au inakataa kuchapa. Wengine wanakiita dongo, wengine "kile kidude". Mimi nitakiita ufunguo.

Koo kubwa utakazokutana nazo ni mbili. Kuna Sentinel, iliyozoeleka kwa jina la HASP, na kuna CodeMeter ya kampuni ya Wibu-Systems ya Ujerumani. HASP imebadilisha wenyewe: ilianza na Aladdin, ikaenda SafeNet, kisha Gemalto, na tangu 2019 iko chini ya Thales. Ndiyo maana ufunguo wako unaweza kuandikwa Aladdin, kitabu cha maelekezo kikasema SafeNet, na draiva mpya (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) ukaikuta kwa Thales. Ni ukoo uleule, usihangaike kutafuta kampuni ambayo haipo tena.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya yote ni hili: ufunguo wenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyokufa mara chache. Kinachokufa zaidi ni porti, draiva, huduma inayofanya kazi nyuma ya pazia, au tarehe ya kompyuta. Lakini huku kwetu programu ikigoma tu, mwenye duka anaufunga ufunguo kwenye bahasha na kuupandisha basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na mashine inakaa siku kadhaa bila kazi. Mara nyingi ufunguo unarudi na jibu kwamba ni mzima. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na safari hiyo.

Kabla hujachomeka chochote

Piga picha ufunguo pande zote mbili. Namba iliyochapwa juu yake hufutika kwa jasho la vidole, na siku ukiomba msaada ndiyo ya kwanza kuulizwa. Andika pia jina la programu, toleo lake, mwaka ulionunua na namba ya risiti. Weka vyote kwenye simu na kwenye daftari la duka.

Kisha kusanya faili za kusakinishia: programu yenyewe, draiva iliyokuja nayo, na draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa ufunguo. Zihifadhi kwenye diski ya nje au flashi mbili, usitegemee kwamba utazipakua siku ya shida. Mei 2024 ilitufundisha. Kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na siku chache baadaye nyaya za EASSy na SEACOM za chini ya bahari zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Hapo hakuna kifurushi cha basi wala cha kupakua. Aliyekuwa na ufunguo wake na faili zake kwenye diski aliweza kusakinisha upya na kuendelea, kwa sababu ufunguo wa aina hii hauhitaji intaneti kuthibitisha leseni. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtu wa kusini, na ni kosa kuipoteza kwa kukosa faili ya draiva.

Angalia pia Windows uliyonayo. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanahamia Windows 11 na kushangaa ufunguo uliokuwa mzima jana leo hauonekani. Windows 11 ina ulinzi uitwao Memory integrity unaokataa draiva za zamani. Watu watakushauri uuzime. Mimi sikushauri hivyo. Weka draiva mpya kwanza, na kwa wengi tatizo linaishia hapo.

Kusakinisha

Fuata mpangilio huu hata kama unaona unachelewa.

1. Chomoa ufunguo. Funguo mpya hazidhuriki ukizichomeka mapema, lakini za zamani zikichomekwa kabla ya draiva, Windows huzisajili vibaya na utahangaika kuisafisha baadaye.

2. Ingia kwenye kompyuta kwa akaunti yenye haki za msimamizi.

3. Kama kompyuta imewahi kuwa na HASP, safisha mabaki. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, nenda kwenye folda yenye faili ya haspdinst.exe, andika `haspdinst.exe -purge` na usubiri ikuambie imemaliza.

4. Sakinisha programu yenyewe lakini usiifungue.

5. Sakinisha draiva. Kwa HASP amri ni `haspdinst.exe -i`, au bofya mara mbili HASPUserSetup.exe kama unapenda dirisha la kawaida. Kwa CodeMeter unasakinisha CodeMeter Runtime. Anza na draiva iliyokuja na programu, maana huenda imebeba faili maalumu ya mtengenezaji wa programu hiyo. Ikiwa ni ya zamani, weka mpya juu yake.

6. Washa kompyuta upya kwa Restart, si kwa kuzima na kuwasha. Windows za sasa ukizizima hazizimiki kikamilifu; zinahifadhi hali ya mfumo ili ziwake haraka, na draiva mpya inaweza isishike.

7. Sasa chomeka ufunguo kwenye porti ya nyuma, ile iliyo kwenye bodi yenyewe. Acha porti za mbele za kasha kwanza, na usipitie habu, kile kigawanyo cha USB.

8. Fungua kivinjari uandike `localhost:1947` kwa Sentinel, au `localhost:22352` kwa CodeMeter. Huo ni ukurasa ulio ndani ya kompyuta yako, hauli bando. Ukiona ufunguo wako kwenye orodha, ndipo ufungue programu.

Hatua ya nane mafundi wengi hawaijui, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Ukurasa ule unakuonyesha ufunguo, namba yake, leseni zilizomo na nani anazitumia. Kwenye Sentinel kuna hata kitufe cha kuifanya taa ya ufunguo imetemete, kitu cha maana sana kama una funguo tatu zinazofanana na hujui upi ni wa mashine ipi.

Umegoma: anza na taa

"Shikamoo fundi. Mashine haichapi, dongo imekufa."

"Marahaba mwanangu. Taa yake inawaka?"

"Sijaangalia."

Basi angalia. Kama taa inawaka kwa utulivu, umeme unafika na kompyuta imeutambua ufunguo. Tatizo liko kwenye huduma au leseni, ruka sehemu hii. Kama haiwaki, usihitimishe kwamba umekufa, kwa sababu funguo nyingi za HASP za zamani haziwashi taa mpaka draiva ishike.

Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika `devmgmt.msc`, uache orodha ya vifaa ikiwa wazi mbele yako. Chomoa ufunguo, chomeka tena, ukitazama orodha na kusikiliza mlio. Orodha ikitikisika na kifaa kikatokea na alama ya njano, hiyo ni draiva. Ikitokea kwa jina la kifaa kisichotambulika na maneno Device Descriptor Request Failed, umeme unafika lakini mazungumzo hayapiti, na hapo mshuku kutu au porti. Orodha isipotikisika kabisa, jaribu porti nyingine, kisha kompyuta nyingine kabisa. Ufunguo usiotikisa orodha kwenye kompyuta tatu tofauti, huo sasa una haki ya kuitwa mbovu.

Hapa nizungumzie chumvi, kwa sababu ndiyo adui wetu hasa. Shangani, Mikindani, Lindi mjini kote pwani, upepo wa bahari unaingia dukani mchana kutwa. Chukua ufunguo uliokaa miaka kwenye porti uuelekeze kwenye mwanga. Ndani ya lile bomba la chuma utaona vibao vinne vya rangi ya dhahabu: viwili vya pembeni virefu kidogo, vinapitisha umeme, viwili vya katikati vifupi, vinapitisha data. Vikiwa na utando wa kijani au weusi, hasa vile vya katikati, umeshapata jibu. Chukua isopropili ya mafundi simu, lowesha brashi laini ya meno, sugua taratibu kufuata urefu wa vibao, acha ikauke kabisa. Spiriti ya duka la dawa ina maji zaidi, kwa hiyo inahitaji muda mrefu kukauka. Usitumie msasa wala kisu. Ile rangi ya dhahabu ni ganda jembamba mno. Ukilikwangua, kutu itarudi kwa kasi na safari hii haisafishiki. Safisha na porti ya kompyuta vilevile, la sivyo umefanya nusu ya kazi.

Ufunguo unaopotea katikati ya kazi kisha unarudi wenyewe kwa kawaida unazimwa na Windows ili kuokoa umeme. Andika `powercfg.cpl`, ingia kwenye mipangilio ya kina ya mpango wa umeme, tafuta USB selective suspend, uzime.

Huduma na namba za makosa

Taa inawaka lakini programu inasema haioni ufunguo. Fungua `services.msc`. Kwa Sentinel tafuta Sentinel LDK License Manager, kwa CodeMeter tafuta CodeMeter Runtime Server. Iwe inafanya kazi, na iwe imepangwa kuanza yenyewe. Isipokubali kuanza, tazama karantini ya antivirasi yako, pale inapofungia faili inazozishuku. Faili ya hasplms.exe huwa inashikwa humo kimakosa. Irudishe, iweke kwenye orodha ya ruhusa, uanzishe huduma tena. Kuzima antivirasi moja kwa moja si suluhisho, hasa kwenye duka ambalo kila mteja anakuja na flashi yake.

Kwa HASP, namba ya kosa inakuambia mengi ukiisoma badala ya kubofya OK haraka. H0007 ni ufunguo haujaonekana: rudi kwenye taa na draiva. H0033 ni programu kushindwa kuongea na huduma, kwa hiyo rudi `services.msc`. H0031 maana yake ufunguo umeonekana lakini hauna leseni ya kitu ulichofungua. Pengine umechomeka wa mashine nyingine, au toleo jipya la programu linahitaji leseni uliyokuwa hujanunua. H0041 ni muda wa leseni umekwisha. H0027 inawapata wanaoingia kwenye kompyuta ya duka kwa Remote Desktop wakiwa nyumbani. Ufunguo mwingi wa kawaida unaikataa njia hiyo, ilhali programu za kushiriki skrini kama AnyDesk kwa kawaida hazileti kosa hilo. Ukiwa na msaidizi Dar es Salaam anayetaka kuona tatizo, mpe njia hiyo ya pili.

Tarehe

Kompyuta za mezani tulizo nazo nyingi ni za miaka, na umeme ukikatika mara kwa mara, ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye bodi inaisha bila mtu kujua. Siku kompyuta inawaka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Programu yenye leseni ya muda inaona saa imerudishwa, inadhani unadanganya, inajifunga. Ukirekebisha tarehe tu bila kubadili betri, kesho ni yaleyale. Nunua betri, ibadilishe kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, weka tarehe sahihi, chagua saa za Nairobi ambazo ndizo zetu, kisha washa upya ndipo ufungue programu. Zipo funguo zenye saa yao wenyewe ndani, nazo hazijali tarehe ya kompyuta. Kama una leseni ya kudumu, sehemu hii haikuhusu.

Ufunguo mmoja, kompyuta kadhaa

Ufunguo wa mtandao unachomekwa kwenye kompyuta moja na zingine zinaazima leseni kupitia waya au Wi-Fi ya ofisi. Katika HASP za mtandao, rangi yake mara nyingi ni nyekundu, lakini thibitisha kwenye ukurasa wa `localhost:1947`. Kompyuta mama, ile yenye ufunguo, ipe anwani ya IP isiyobadilika na mtandao wake uweke kuwa wa faragha. Fayawoli ya Windows iruhusu porti 1947 (hapa porti ni mlango wa mtandao, si tundu la USB) kwa TCP na UDP. Kwa CodeMeter ni 22350. Ukiwa kwenye kompyuta ndogo, yaani ile inayoazima leseni, fungua PowerShell uandike `Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 1947`, ukibadilisha anwani iwe ya kompyuta mama. Jibu la True linamaanisha njia iko wazi. Kisha fungua ukurasa wa 1947 wa kompyuta ndogo, ingia kwenye mipangilio, uandike anwani ya kompyuta mama ili isiwe inapapasa mtandao mzima.

Porti hii iwe ya ndani ya ofisi tu, usiifungue kwenye ruta itoke nje. Mwaka 2018 Kaspersky walitangaza udhaifu 14 kwenye programu ya huduma ya HASP, na baadhi ulimwezesha mtu aliye mbali kuendesha amri kwenye kompyuta yako. Ulishazibwa kwenye matoleo ya baadaye, sababu nyingine ya kutobaki na draiva ya CD ya zamani.

Kuongeza leseni bila kuusafirisha ufunguo

Hili natamani kila mwenye duka alijue. Ukinunua muda zaidi au moduli mpya, ufunguo hauna haja ya kwenda popote. Inafanana na tokeni ya LUKU: mita inabaki ukutani, inayosafiri ni namba. Kwa HASP unatumia programu ndogo iitwayo RUS, inasoma ufunguo na kutengeneza faili ya C2V. Unamtumia muuzaji, naye anakurudishia faili ya V2C, unaiingiza, kazi imekwisha. Kwa CodeMeter faili hizo zinaishia na WibuCmRaC na WibuCmRaU. Ni ndogo sana, hata intaneti ya kusuasua inazipeleka. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama nyaraka.

Faili ya kurudi inakubaliwa na ufunguo uliotoa ile ya kwanza tu. Baada ya kutuma C2V, acha kufanya mabadiliko mengine kwenye ufunguo mpaka jibu lirudi. Na wakati wa kuingiza V2C, umeme usikatike: hamishia ufunguo kwenye laptopu yenye chaji, ifanye humo, kisha urudishe kwenye kompyuta ya kazi.

Wanaouza "programu isiyohitaji dongo"

Wapo watakaokuambia wana toleo lililovunjwa, au kiigizaji kinachodanganya kwamba ufunguo upo. Mbali na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, angalia wanachokuwekea: kiigizaji ni draiva inayoingia ndani kabisa ya Windows, mara nyingi baada ya kukutaka uzime ulinzi wote. Ukishaingiza draiva ya mtu usiyemjua kwenye kompyuta inayoshika hesabu za duka na picha za wateja, huna tena namna ya kujua inafanya nini. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, ndipo oda za mabango zinapojaa. Kompyuta iliyofungwa na virusi wakati huo inakula faida kuliko bei ya leseni.

Ukilazimika kuutuma

Umejaribu kompyuta tatu, umesafisha, na orodha haitikisiki. Sasa piga simu kwa muuzaji kabla ya kutuma, umpe namba ya ufunguo, umwombe akubali kwa maandishi kwamba ataupokea na kukueleza gharama. Wauzaji wengi hubadilisha ufunguo uliovunjika kwa ada, mradi uwarudishie ule wa zamani, lakini uliopotea wanauhesabu kuwa leseni imepotea na unanunua upya. Kwa hiyo hata ukiwa umekanyagwa vipande viwili, kusanya vipande vyote, chipu ikiwemo.

Usiuweke peke yake kwenye bahasha. Uviringishe kwenye sponji, tia kwenye kasha gumu la plastiki, andika jina na simu ya mpokeaji ndani na nje. Peleka ofisi ya mabasi mwenyewe, uandikishe thamani yake kama mali na si kama "flashi", chukua risiti yenye namba ya kifurushi na jina la basi, uipige picha umtumie mpokeaji usiku huohuo.